Mabinti wa Kocha Truphena

“Mama ya mtoto yuko wapi?” nesi aliuliza bila kuinua macho.

Arasa alikuwa amesimama mbele ya meza, Terry amemlalia begani, miguu ya mtoto ikining’inia karibu na magoti ya baba. Nyuma yao alisimama Nyasuguta, mama yake Arasa, na kikapu cha nguo na chupa ya chai.

“Yuko safarini, sista.”

“Nairobi?”

“Denimaki.”

Nesi akainua macho. Hata mwanamke aliyekuwa akinyonyesha kwenye benchi akageuka kumtazama.

“Amepata kazi huko?”

“Anafundisha watoto mpira. Kuna kambi ya likizo. Amejitolea.”

“Amejitolea.” Nesi alilirudia neno hilo polepole, kama mtu anayeonja mboga asijue kama imechacha. “Yaani halipwi?”

“Nauli na chakula wanatoa wao. Mshahara hakuna.”

“Na mtoto ana siko seli.”

Hakuwa anauliza. Alikuwa anausoma ugonjwa huo wa damu kwenye barua ya hospitali ya Migori, ambako walikuwa wamelala usiku mzima kabla ya kuambiwa hakuna damu na kuletwa huku Homa Bay. Arasa alihisi masikio yakimwaka moto. Alitamani kusema kwamba mke wake si mtu wa kutupa mtoto, kwamba dawa zote zilikuwa zimepangwa kabatini kwa siku zake, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyemsukuma aende. Lakini nesi alikuwa ameshasimama. “Mlete kitandani,” alisema.

Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa. Truphena alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Migori, na kila jioni alikuwa uwanjani na wasichana, filimbi shingoni. Shirika moja lililowahi kumpa mafunzo ya ukocha lilimwalika katika kambi ya watoto wakimbizi na wenyeji wao huko Denimaki. Nyasuguta alipinga tangu siku ya kwanza. “Mwanamke aache mtoto mgonjwa akafundishe watoto wa watu kupiga mpira? Tena bure?” Arasa ni kinyozi, na kinyume na vinyozi wengi si mtu wa maneno. Alimwambia mke wake, “Enda. Umengoja nafasi hii tangu nikujue. Terry hajalazwa mwaka mzima. Mimi nitamwangalia.”

Sasa maneno hayo yalikuwa yamemkaa kooni.

* * *

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Alifunua jicho la Terry, akatazama viganja vyake vilivyokuwa vyeupe kama unga, akashusha pumzi.

“Damu yake imeshuka vibaya, Baba Terry. Lazima tumwongezee, na isipite kesho. Shida ni kwamba benki yetu haina damu ya kundi lake. Iliyokuwapo ilikwisha jana, kulikuwa na ajali barabarani.”

Arasa alikuwa ameanza kukunja mkono wa shati. “Toeni yangu. Toeni yote mnayotaka.”

Daktari alimshika mkono taratibu, akaushusha. “Yako hatuwezi kumpa. Wewe umebeba ugonjwa huu mwilini bila kuugua, na mama yake vilevile. Ndiyo maana mtoto aliupata. Damu kama hiyo haitamfaa sana.”

“Hata mimi baba yake?”

“Hata wewe.”

“Na yangu mimi?” Nyasuguta akauliza.

“Wewe mama umri umepita. Pole.”

Arasa alibaki ameshika kifungo cha shati. Tangu siku walipoambiwa mtoto ana ugonjwa gani, alikuwa akijiliwaza kwamba saa mbaya ikija atalala kitandani kando ya Terry na kumpa damu kutoka mkononi mwake. Saa ilikuwa imekuja na damu yenyewe haifai.

“Sasa mimi nina kazi gani hapa?” aliuliza.

“Kutafuta watu,” daktari akasema. “Wazima, wakubwa, wenye kundi O. Watu kadhaa, si mmoja. Pigia ndugu, pigia kanisa.”

Akapiga. Mzee wa kanisa alisikitika sana, akaahidi kwamba watamwombea Terry kwa jina Sabato ijayo. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Mteja mmoja aliyemnyoa kwa miaka alitaka kujua kwanza kama ni kweli hospitali huwauzia matajiri damu za maskini. Binamu yake alisema atapiga baadaye, kisha simu yake ikazimwa. Arasa hakumlaumu mtu. Kila alipomaliza kuongea alisema asante, naye mtu wa upande wa pili alionekana kuumia zaidi kwa asante ile kuliko ambavyo angeumia kwa tusi.

Aliyekuja alikuwa Mogire, jirani yake wa sokoni anayeuza mkaa. Alitoka Migori kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, akaingia wodini na ndizi mkononi. “Ndugu yangu, mimi nipo. Wanitoe hadi nikauke,” alisema, na Nyasuguta akamshika mikono yote miwili akimbariki. Wakaenda naye maabara. Mogire aliketi kwenye kiti, akatazama sindano, akatazama ule mfuko mtupu wa plastiki uliokuwa ukimngoja.

“Ile pikipiki,” akasema, “sidhani kama niliifunga.”

Akatoka nje kuiangalia. Mtu wa maabara na Arasa wakangoja. Waliposikia mlio wa pikipiki ukipotelea barabarani, mtu wa maabara akakohoa, akaurudisha mfuko mahali pake.

* * *

Jioni Truphena alipiga simu. Arasa alikimbilia nyuma ya jiko la hospitali ili mkewe asisikie vilio vya wodi, akasimama katikati ya harufu ya kabichi inayochemka.

“Mko aje? Terry?”

“Amelala.”

“Saa hizi? Amekunywa maji ya kutosha?”

“Amekunywa. Alicheza sana leo, amechoka.”

Truphena alikuwa na furaha, na sauti yake ilikuja kwa kasi. “Unakumbuka yule msichana Mkongomani niliyekuambia? Yule haongei na mtu tangu kambi ianze, anakaa tu kando ya uwanja na koti lake? Leo nimeketi karibu naye nikamwuliza kwa Kiswahili, ‘Wewe unaogopa mpira au unaogopa sisi?’ Arasa, alinitazama kana kwamba nimemwita kutoka kwao. Akaniambia, ‘Naogopa kuanguka.’ Nikajiangusha hapo hapo kwenye matope. Watoto wote wakajiangusha. Amecheka! Wale walimu wenzangu wamelia.”

“Hiyo ni nzuri sana,” Arasa akasema, akifunga macho.

“Mbona unapumua hivyo?”

“Nimetoka kubeba maji.”

Alipozima simu alikaa chini kwenye jiwe. Hakuwa mzoefu wa uongo, na uongo ule ulimchosha kuliko usiku wote wa kukesha.

Asubuhi alimwachia mama yake simu iliyokuwa ikichajiwa kando ya kitanda, akaenda stendi ya pikipiki kuomba damu kwa watu asiowajua. Vijana walidhani anatafutia mwanasiasa watu wa mkutano, wakamwuliza posho ni gani. Alipoeleza wakanyamaza kwa adabu. Mmoja alikubali, akapakiwa hadi hospitalini, akapimwa. Hakuwa kundi linalotakiwa. Arasa alimpa asante yake, kijana akamwambia, “Pole mzee, ningekuwa nayo ningekupa,” na kwa sababu ilikuwa kweli, Arasa karibu aangue kilio.

Aliporudi wodini alimkuta mama yake ameketi ukingoni mwa kitanda, kitambaa cha kichwa kimemlegea, simu mkononi.

“Amepiga,” Nyasuguta alisema. “Nimemwambia.”

“Mama!”

“Sikiliza. Nilikuwa nimeweka maneno ya kumwambia. Maneno mengi. Lakini ameniuliza tu, ‘Mama, anakula?’ na yote yameniisha. Tumelia, yeye huko, mimi hapa. Shika, bado yuko.”

Arasa akachukua simu kama mtu anayepokea kaa la moto.

“Kwa nini umenifanya mgeni kwa mtoto wangu?” Truphena aliuliza. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

“Nilitaka umalize kazi yako. Mimi ndiye niliyesema nitamwangalia.”

“Tulimzaa wawili, Arasa. Kwa nini umebeba peke yako?”

 Alisikia mke wake akipenga kamasi, kisha sauti nyingine ikaja, ile ya uwanjani, ya mtu anayepanga wachezaji timu ikiwa nyuma kwa mabao.

“Kundi O. Wakubwa, wazima. Sawa. Usiondoke hapo. Nampigia Emmah.”

“Emmah gani?”

“Emmah wa Karungu. Kapteni wangu.”

* * *

Kabla ya kuhamishiwa Migori, Truphena alikuwa amefundisha miaka mingi kule Karungu kando ya ziwa. Arasa aliwajua wasichana wa timu ile kama mume anavyojua kazi ya mke: majina mawili matatu, na nguo za matope kwenye kamba. Kwamba walikuwa wamekua, wakaolewa, wakazaa, hakuwahi kulifikiria.

Jua lilikuwa bado halijafika utosini pale pikapu ya kubeba samaki ilipoingia langoni. Nyuma yake walikuwa wamesimama wanawake wameshikana mabega, wengine na watoto wadogo mgongoni, wote wananuka omena. Wa kwanza kuruka chini alikuwa mpana wa mabega, amevaa gambuti, mabuti ya mpira ya wavuvi.

“Wewe ndiye Baba Terry? Mimi ni Emmah. Maabara ni wapi?”

“Karibuni. Kwanza mpumzike kidogo, mmetoka mbali—”

“Tutapumzika tukishatolewa. Nyathiwa yuko wapi?” Aliuliza hivyo, mtoto wetu, kwa Dholuo, kana kwamba wamelelewa nyumba moja na Terry. “Hapana, usinionyeshe sasa. Nikimwona nitalia, na nikilia presha itapanda wanikatae.”

Maabara ile haikuwahi kuwa na kelele kiasi hicho. Walipimwa uzito na vidole, wakataniana nani aliyenona kwa ugali wa mumewe. Sheila, mwenye mtoto anayenyonya, aliambiwa haruhusiwi. “Maziwa natoa kila siku na hakuna anayenikataza,” alisema kwa hasira, akaenda kukaa mlangoni akiwashikia wenzake watoto. Kemuma, aliyekuwa mwembamba, mzani ulimkataa. Akatoka, akarudi baada ya muda amekunywa maji hadi tumbo limevimba, akapanda tena.

“Vua gambuti za mwenzako,” mtu wa maabara akasema bila kutazama chini.

Walicheka hadi nesi wa jana akaja kuchungulia. Alisimama pale mlangoni akitazama ile safu ya mikono iliyonyooshwa. “Hawa ni ndugu zako?” alimwuliza Arasa.

“Ni wa mama yake Terry,” Arasa akajibu. “Aliwafundisha mpira.”

Nesi aligeuka. Alikwenda, akarudi na birika la chai na vikombe, akaanza kuwamiminia yeye mwenyewe.

Emmah alilala kwenye kiti, akifinya kimpira kidogo alichopewa ili damu itiririke. Arasa alisimama kando yake. Tangu simu ile ya mkewe alikuwa akitayarisha hotuba, na sasa haikuja.

“Sijui niseme nini, Emmah. Hunijui. Mtoto humjui.”

“Wewe sikujui, kweli,” Emmah alisema. “Madam namjua. Alikuambia kuhusu Osiri?”

“Osiri ya dhahabu?”

“Niliacha shule nikaenda kuosha mchanga kule. Baba alikuwa amekufa, nyumbani hakuna kitu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, kuna mzee wa shimo alikuwa ashaanza kuninunulia soda. Unaelewa.” Alifinya kimpira. “Madam alikuja na viatu vyake vya shule. Akasimama kwenye matope mbele ya wanaume wote wale, wanamcheka, wanamwuliza kama amekuja kutafuta bwana. Hakuwajibu. Aliniambia tu, ‘Kapteni, tuna mechi Ijumaa.’ Akakaa pale mpaka jua likaenda. Mimi mwenyewe nikaona aibu, nikaweka karai chini.”

Arasa aliikumbuka jioni moja ya zamani, mke wake akiingia nyumbani gizani, viatu vimeharibika kabisa, na yeye akimwuliza kwa ukali chakula kiko wapi. Truphena alikuwa ameosha mikono akaingia jikoni, asiseme alikotoka.

“Hakuniambia,” alisema.

“Basi nimekuambia mimi.” Emmah akageuza uso kutazama mfuko wake uliokuwa ukijaa. “Tazama, yangu nyekundu sana. Ni samaki hiyo.”

* * *

Damu ilianza kuingia kwa Terry tone kwa tone. Nyasuguta alikaa ameshika mguu wa mjukuu wake, midomo ikienda kwa maombi. Hakuna muujiza wa ghafula uliotokea. Ila baada ya muda vidole vya mtoto vilipata joto, kisha kucha zikapata rangi, kisha Terry akafungua macho akasema anataka chapati.

“Chapati gani?” bibi yake akauliza.

“Ya kukunja, ile unaita magokoro. Na chai isiyo na tangawizi.”

Nyasuguta akatoka mbio, mwanamke wa umri wake, kutafuta chapati mjini Homa Bay.

Alasiri ile Truphena alionekana kwenye simu ya video. Nyuma yake palikuwa na kitanda chembamba na begi lililofungwa tayari. Msimamizi wa kambi alikuwa amemtafutia ndege ya kesho. Terry alimtazama mama yake kwa muda, mashavu yamejaa chapati.

“Mama, huko kuna mvua?”

“Kila siku, mpenzi. Unaumwa wapi?”

“Hapa kwa sindano tu. Baba aliniambia. Wale watoto wanaanguka bado?”

Truphena alicheka na kulia kwa pamoja. Daktari akaja, akamweleza mwenyewe: hatari imepita, watamweka mtoto siku chache zaidi. Alipoondoka, Truphena aliomba kuongea na mama mkwe wake. Nyasuguta akaishika simu kwa mikono miwili, mbali na uso, kama kioo.

“Mama, niambie ukweli na usinifiche. Nimekuwa mama mbaya?”

Nyasuguta alitazama nje. Dirishani, kwenye nyasi za hospitali, wanawake wa Karungu walikuwa wameketi wamenyoosha miguu, wakigawana mkate na soda. Walikuwa wakibishana kuhusu bao fulani la zamani, kama lilikuwa la kuotea au la, na Kemuma alikuwa amesimama akionyesha kwa chupa mahali kipa alipokuwa.

“Mama mbaya angewapata wapi mabinti wote hawa?” alisema. “Mimi nilikusema sana, mwanangu. Nilikusema mpaka kwa majirani. Nisamehe.” Akaisogeza simu karibu. “Huyo mtoto wa Kongo aliyekuwa haongei, kambi yake inaisha lini?”

“Mwisho wa wiki ijayo.”

“Basi mmalizie. Usimwache katikati. Huyu wa huku ana watu.”

Truphena alifunika uso. Arasa, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake, aliona bega la mke wake likitikisika, kisha mkono wake ukienda kwenye begi na kuanza kulifungua.

* * *

Jumapili kabla ya shule kufunguliwa, kibanda cha Arasa cha kunyolea kilijaa tangu mapema. Alikuwa amempigia Emmah simu, naye Emmah akakataa katakata.

“Nani alikuambia tunakudai? Hatukuuza.”

“Najua. Mimi siwezi kulipa kitu kama kile, na sitajaribu,” Arasa akasema. “Lakini kazi yangu ni kunyoa, shule zinafunguliwa, na nyinyi mna watoto. Waleteni tu. Mikono yangu inawasha.”

Wakawaleta kwa pikapu ile ile. Watoto walijaa kwenye benchi, wakamwagika hadi nje, mbele ya mkaa wa Mogire, ambaye kwa aibu yake aliwanunulia wote mandazi na hakumtazama mtu machoni. Nyasuguta alifagia nywele. Terry, amevaa sweta ingawa kulikuwa na joto, alikuwa amejipa kazi ya kuita anayefuata, na alikuwa mkali kuliko polisi wa barabarani. Mama zao waliketi kwenye kivuli cha paa wakipiga soga, na mashine ilinguruma bila kupumzika.

Arasa alikuwa ameinamia kichwa cha kijana wa Sheila aliposikia kelele za wanawake nje. Hakugeuka, sikio la mtoto lilikuwa chini ya wembe wake. Kivuli cha mtu kikasimama mlangoni. Akaona kwenye kioo begi kubwa, koti la mvua lisilo la huku, na uso uliochoka kwa safari ukitazama vichwa vile vyote, kimoja baada ya kingine, hadi kichwa cha Terry.

Arasa alitaka kusema mambo mengi.  Terry ndiye aliyesema, kabla hajakimbia na kumrukia mama yake kiunoni.

“Mama, kuna foleni!”

Emmah akasogea kwenye benchi, akapigapiga nafasi kwa kiganja kumwita Truphena. Nyasuguta akampokea begi, na Truphena alipotaka kumchukulia ufagio akamsukuma mkono. “Kaa. Umetoka mbali.”

Basi akakaa, mtoto mapajani, katikati ya mabinti zake na watoto wao. Arasa akapuliza nywele kwenye shingo ya kijana wa Sheila, akakung’uta kitambaa, akamwita anayefuata. Truphena akaegemeza kichwa kwenye bega la Emmah, akangoja zamu.